Mtu mzima hapangiwi rimoti: majibu ya barua zenu

Safari hii barua zimekuja kwa wingi na karibu zote zinagusa mambo matatu, siasa, TV na marafiki wa kwenye simu. Chanzo ni toleo lililopita, niliandika kwamba mtu mzima asiyemdhuru mwenzake aachwe afanye yake, serikali ibaki na kazi ya kukamata wezi na wauaji, basi mkaniandikia, wengine mmekubali, wengine mmewaka kweli kweli. Barua nimezifupisha tu, hoja ni zenu kama zilivyo.

SWALI: Dada habari za kazi. Nakusoma kila toleo ila mpaka leo sijui we ni chama gani. Ukiongelea tozo unaonekana mpinzani, ukiongelea biashara unaonekana bepari, ukisema watu waachwe waongee unaonekana mwanaharakati. Tuweke wazi. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama kaka. Sina kadi ya chama chochote na sina mpango wa kuchukua. Ninachokiamini ndo kile ambacho kule Marekani watu wake wanaitwa malibetari, wana na chama chao kabisa tangu 1971 ingawa hakijawahi kutoa rais, na msingi wake mwepesi tu: mwili wako ni wako, jasho lako ni lako, mdomo wako ni wako, na mtu mwingine hata akiwa na cheo gani akitaka kuvigusa lazima awe na sababu nzito. Wapo kati yao wanaotaka hata barabara na shule zote ziwe za watu binafsi, huko mi sifiki, mama anayeshikwa na uchungu usiku kijijini anahitaji zahanati na sioni mfanyabiashara wa kuijenga pale. Lakini kila ikitangazwa sheria mpya nauliza yale yale, nani kaamua, hela inatoka mfuko wa nani, na mwenye mfuko aliulizwa?

Chukua hizo tozo za miamala ya simu ulizozitaja. Julai 2021 zilipoanza ilikuwa shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja kutegemea na kiasi, na hiyo ni juu ya makato ya kampuni ya simu. Sasa fikiria wakati ule kijana wa Dar ambaye mshahara wake umeshakatwa kodi kabla haujamfikia, anamtumia mama yake Kasulu hela ya dawa, anakatwa akituma, mama naye anakatwa akienda kutoa kwa wakala. Kodi ya nini pale? Hakuna biashara iliyofanyika, mtoto kamsaidia mama. Watu walipiga kelele mitandaoni na vijiweni bila kuangalia huyu chama gani, Septemba mwaka ule ule zikapunguzwa kwa asilimia 30, 2022 zikashushwa tena mpaka kiwango cha juu kikawa 4,000. Kwa hiyo ukiniuliza nipo upande gani, nipo upande wa yule mama wa Kasulu, na chama chochote kitakachomwachia hela yake nitakisifia siku hiyo na kesho yake kikimgusa nitakisema.

SWALI: Mambo dada. Naona klipu nyingi za rais wa Argentina anatembea na msumeno anasema anakata serikali. Huyo ndo mtu wenu eti? Na je hapa kwetu angefaa? – Kijana, Arusha

JIBU: Poa mdogo wangu. Javier Milei anajiita libetari ndiyo, na habari yake inafaa sana kwenye safu hii maana huyu mtu katengenezwa na TV. Alikuwa mchumi, akawa anaalikwa kwenye vipindi vya mjadala Buenos Aires, nywele hazijachanwa, anafoka, anagombana na kila mtu mezani, na stesheni zikaona akija watazamaji wanaongezeka basi zikamwita tena na tena. Mwaka 2021 akapata ubunge, mshahara wake wa ubunge akawa anauchezesha bahati nasibu kila mwezi anasema hela hii ni ya walipa kodi, Novemba 2023 akashinda urais kwa karibu asilimia 56 akimpiga waziri wa uchumi aliyekuwa madarakani. Na ujue alishinda kwa sababu gani, ule mwaka bei za vitu Argentina zilipanda zaidi ya asilimia 200, yaani mshahara unaopokea leo wiki mbili mbele haununui kitu kile kile.

Alipoapishwa tu akashusha wizara kutoka 18 mpaka 9. Hapo mi nampigia makofi bila kujificha. Mfumuko wa bei ukashuka, 2024 wakamaliza mwaka serikali haijatumia zaidi ya ilichokusanya, jambo ambalo hawakuliona kwa miaka mingi. Lakini uchungu wake ulikuwa mkali, nusu ya kwanza ya 2024 waliohesabiwa maskini walipita asilimia 52, nusu ya pili ndo wakashuka mpaka 38. Mstaafu anayeishi kwa pensheni hawezi kula grafu, miezi ile sita aliishi yeye sio mchumi wa kwenye TV.

Kinachonikwaza zaidi ni mambo mengine. Anatukana waandishi wa habari hadharani, na mtu anayesema anapenda uhuru halafu hawezi kuvumilia kalamu ya mwenzake huyo uhuru anaoupenda ni wa kwake tu. Afu Februari 2025 akaposti kwenye X kuhusu sarafu moja ya kidijitali inaitwa LIBRA, watu wakakimbilia kununua kwa sababu rais kasema, bei ikaruka, baada ya masaa machache ikaporomoka, yeye akafuta posti, na maelfu ya watu hela zao zikawa zimeshaondoka. Mtu wa kawaida akiposti vile ni shauri yake na wanaomfuata. Rais hana akaunti ya mtu wa kawaida, anachokisema kina uzito wa ikulu hata akiandika usiku akiwa kitandani.

Angefaa hapa? Msumeno wa wizara na mashirika yanayokula ruzuku kila mwaka naukubali. Kelele za TV sizitaki. Kijana, mtu anayejua kugombana kwenye kipindi amethibitisha anajua kugombana kwenye kipindi, mengine bado hajayathibitisha, kwa hiyo ukiona mgombea kwetu anasifiwa kwa klipu muulize kwanza bajeti.

SWALI: Binti, uhuru wa mtu binafsi ni mambo ya Wazungu. Sisi tumelelewa na Mwalimu, tukafundishwa kwamba binadamu wote ni ndugu na kwamba mali ya taifa ni yetu sote. Ninyi vijana mmeletewa TV na simu mkasahau mlikotoka. – Mzee mstaafu, Dodoma

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako ndo nimeisoma mara nyingi kuliko zote na nitakujibu kwa urefu.

Kwanza Mwalimu namheshimu na sitaacha. Aliwafundisha kusoma watu wazima ambao mkoloni hakuwahesabu, aliachia urais 1985 kwa hiari wakati wenzake barani walikuwa hawatoki mpaka watolewe, na hakufa tajiri. Hayo siyabishii hata kidogo.

Ila mzee naomba tuongelee Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa kule mwaka 1933 walikuwa na umoja wao wa ushirika, KNCU, wakoloni wapo lakini wakulima wanakusanya kahawa yao wenyewe, wanauza pamoja, wanasomesha watoto. Kweli baadaye ikaja amri kwamba kahawa yote ipitie umoja ule, lakini kuungana wakulima walianza wenyewe kwa sababu waliona faida. Umoja wa hiari wa namna ile ndo uhuru ninaoutetea mimi, na wala haukuletwa na meli kutoka Ulaya, umefanywa na wazee wa vihamba. Vyama vya ushirika vikaenea Usukumani kwenye pamba, Bukoba, kila mahali. Mei 1976 serikali ikavifuta vyote kwa agizo, kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za serikali, mkulima akawa anapeleka mazao na kusubiri malipo hajui yanakuja lini. Mwaka huo huo ikaja operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili yabaki ya ushirika wa kijiji, na mengi ya hayo ya kijiji hayakuwa na kitu kwenye shelfu. 1983 ikaja ya wahujumu uchumi, mzee wewe unayakumbuka vizuri kuliko mimi, watu wakawa wanaficha sabuni na khanga walizonunua kwa hela yao halali maana kukutwa nazo nyingi ni kesi.

Na Mwalimu mwenyewe 1984 alisema kama angeanza upya kuna mambo asingeyarudia, akataja kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Huyo ni Mwalimu. Kwa hiyo mi ninaposema watu waachwe waungane wenyewe simkani, nipo kwenye sentensi yake.

Halafu hilo la kwamba uhuru ni wa Wazungu. Wazee wetu chifu akiwa mbaya walikuwa wanafungasha wanahama, ardhi ilikuwepo, chifu anabaki na kiti chake hana watu, akitaka watu atulie. Hiyo ilikuwa kura. Kilichoiua kura ile ni mipaka na karatasi za mkoloni, kisha tukaja sisi wenyewe na operesheni vijiji ya miaka ya sabini ambapo watu walihamishwa kwa amri, na sehemu nyingine nyumba zilichomwa ili mtu asirudi alikotoka. Udugu wa kweli upo mpaka leo mzee, angalia upatu, angalia VICOBA, angalia vikundi vya kufa na kuzikana, mtu akifiwa saa nane usiku alfajiri turubai limeshafungwa na sufuria zimeshafika, na hakuna waziri aliyetoa waraka.

Kuhusu TV nikukumbushe kitu kimoja. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, huku bara serikali ikaona ni anasa, tukakaa miaka kama 20 bila. Mwaka 1994 waliotuletea picha ni watu binafsi, televisheni ya taifa ikaja miaka kadhaa baadaye. Mzee wa Unguja aliangalia habari kwa macho yake wakati mzee wa Bagamoyo ng'ambo tu ya maji anasikiliza redio, na hakuna aliyemuuliza yule wa Bagamoyo kama yeye kwa hela yake angependa hiyo anasa.

SWALI: Kwa nini tuendelee kulipia TV ya taifa kwa kodi zetu? – Iringa

JIBU: Ningekubali kulipa kwa kitu kimoja tu, kuonyesha Bunge laivu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu wale ni waajiriwa wangu na pale ndo ofisini kwao. Na hicho hicho ndo kilichokatwa, Januari 2016 tulitangaziwa kwamba shirika la utangazaji halitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, sababu gharama, tukawekewa vipande vilivyorekodiwa usiku. Mchana watu wapo kazini, ndio, hiyo hoja ilitolewa, lakini mwenye duka anaweka TV kwenye kaunta, fundi anaweka redio, kijiwe cha kahawa kinasikiliza, na mbunge anayejua anaangaliwa anasoma muswada kabla hajasimama. Kipande kilichokatwa kuna mtu kakaa kwenye kompyuta kaamua wewe usione nini.

Majirani nao wameonja. Kenya tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga alipojiapisha pale Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN, mahakama ikatoa amri ziwashwe na bado zikakaa gizani siku kadhaa. Ukishampa mtu swichi ya kuzima atakuja kuizima tu, hata kama leo unampenda.

SWALI: Dada shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, kila siku nikitoka sokoni nawakuta wameganda kwenye tamthilia za Kituruki na nyingine za hapa hapa, watu wanabusiana, wanauana, wanarogana. Mume wangu anasema serikali ifungie, mimi nasema sijui. Tunagombana. – Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na sokoni. Mume wako ana uchungu na watoto na hilo ni jema, lakini mwambie hivi, akiipa serikali kazi ya kuchagua watoto wake waangalie nini, siku ikichagua asichokipenda yeye atakuwa hana pa kwenda. Tamthilia ile ile inayowaharibu watoto wako, kuna bibi yupo peke yake Geita watoto wote wamehamia mjini, zile sauti zilizotiwa Kiswahili ndo zinampitisha jioni. Kwa nini afungiwe yeye?

Na mambo ya kufungiwa tulishayaona Agosti 2018, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipoagiza ving'amuzi vya kulipia viache kuonyesha chaneli za bure za hapa nchini kwa hoja kwamba leseni zao haziruhusu. Pengine kisheria walikuwa na karatasi zao, ila mtu alishanunua dishi na kulipia kifurushi, anaamka asubuhi chaneli ya taarifa ya habari haipo. Nyumba nyingi zikaishia na ving'amuzi viwili juu ya kabati moja, waya zinapishana, rimoti tatu, bibi hajui ipi inawasha nini. Nani alilindwa pale? Mi mpaka leo sijamwona.

Sasa dawa ya nyumbani kwako. Chukua rimoti ya king'amuzi, ingia kwenye menyu, nenda kwenye mipangilio, ving'amuzi vingi vina sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri au kufunga vipindi kwa umri. Ile namba inayokuja nayo kutoka dukani kama 0000 au 1234 ibadilishe, maana watoto wa siku hizi wataijaribu hiyo ya kwanza. Mweke namba wewe na mume wako tu. Halafu siku ambayo hujachoka kaa nao muangalie kipande kimoja pamoja, mwulize mkubwa, huyu mwanaume kumpiga mkewe umeona sawa? Atakujibu kitu ambacho shuleni hajakisema. Mi naamini mtoto aliyewahi kuulizwa swali hilo na mama yake hadhuriki kirahisi na tamthilia.

SWALI: Kutumia VPN ni kosa? – Mwanachuo, Dar

JIBU: Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwamba watumiaji wa VPN, zile programu za kupitia njia ya siri kufungua mitandao iliyozuiwa, wapeleke taarifa zao kabla ya tarehe 30, na kanuni za maudhui mtandaoni zinakataza kutumia njia za kufikia vilivyozuiwa, kwa hiyo ujue sheria imekaaje kabla hujafanya, na mi sikwambii uivunje. Ninachosema ni kwamba sheria yenyewe mbaya na ibadilishwe. X ilizuiwa Mei 2025, sababu iliyotolewa ni picha chafu, sawa, lakini wangapi walikuwa wanaitumia kutafuta kazi, kusoma habari za dunia, kupata wateja? Siku ya uchaguzi tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, fundi cherehani anayepokea oda kwa WhatsApp akakaa, wenye ndugu walioko mbali hawajui kama ndugu zao wazima. Uganda walijaribu njia ya kodi, Julai 2018 wakaweka shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp na Facebook, watu wakahamia VPN, 2021 wakaifuta wakaweka asilimia 12 kwenye bando. Na we mwanachuo angalizo moja, VPN za bure nyingine zinaishi kwa kuuza taarifa zako, kitu cha bure mtandaoni uliza anayekilipia.

SWALI: Dada, salamu kutoka Mombasa. Mjomba wangu hunikejeli kila siku eti nina marafiki mia kwenye simu na hakuna hata mmoja atakayenibeba nikifa. Kuna ukweli? – Msomaji, Likoni

JIBU: Salamu zimefika ndugu yangu, na mjomba mpe heshima yake. Ila na wewe mkumbushe Juni 2024, ilitokea nchini kwenu.

Muswada wa fedha ule ulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya magari, na mengine mengi yaliyofichwa ndani ya lugha ya mawakili. Nani aliufungua? Sio chama, sio upinzani wa mazoea, vijana ambao wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso walikaa kwenye TikTok na kwenye X wakauchambua kifungu kwa kifungu, huyu anaeleza kwa Kiswahili, yule kwa Kijaluo, yule kwa Kikuyu, mwingine kwa lugha ya alama. Mi niliangalia mmoja wa wale wachambuzi, binti kakaa kwenye kitanda, karatasi za muswada zimejaa alama za kalamu nyekundu, anasoma kifungu halafu anasema sasa mama mboga hii itakufikia hivi. Serikali ikaondoa mkate na magari. Haikutosha, tarehe 25 watu wakajaa mitaani, Bunge likaingiwa, risasi zikapigwa, watoto wa watu wakafa, na kesho yake rais akatangaza hasaini. Majeruhi walipokuwa hospitali wale wale marafiki wa simu ndo waliochangishana, waliotafuta damu, mawakili waliojitolea kwenda vituoni kutoa waliokamatwa. Tarehe 5 Julai rais mwenyewe akaingia kwenye X Spaces, yale mazungumzo ya sauti ya mtandao wa X, kuongea nao, na hakukuwa na itifaki ya kusubiri mkuu wa mkoa amalize salamu.

Kuna waliobebwa makaburini na watu waliowajua kwa jina la akaunti tu. Mjomba akishasikia hilo aseme tena.

Siwezi kusema wote wapo hivyo, wengine wapo kwa ajili ya umbea na skrinshoti, mtu unamwambia jambo saa tatu, saa nne lipo kwenye grupu la ukoo. Lakini na mtaani si hivyo hivyo? Tofauti ninayoipenda ni kwamba rafiki wa mtandaoni umemchagua mwenyewe, hamkukutanishwa na ukuta wa nyumba ya kupanga, mmekutana kwa sababu wote mnapenda mashairi, au ufugaji wa sungura, au mnabishana bajeti, na siku mkichokana kila mtu anaondoka bila kumuomba mjumbe barua.

SWALI: Dada nisaidie. Nina miezi naongea na kaka mmoja tulikutana Facebook, anasema yupo Oman anafanya kazi ya mafuta. Anaongea vizuri, anajua hata majina ya wadogo zangu. Sasa anasema mzigo wake wa zawadi umekwama forodha anahitaji laki mbili, na mimi laki mbili niliyonayo ni ada ya mdogo wangu. Pia, we unayesema serikali isituingilie, hapa nani atanisaidia? – Shinyanga

JIBU: Mdogo wangu usitume. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, usitume.

Swali lako la mwisho ni la haki kabisa na nalijibu moja kwa moja: wizi ni kazi ya serikali. Mtu anayekudanganya ili akuchukulie hela amekudhuru kama aliyekuvunjia mlango, na hapo namtaka polisi aje mbio. Kinachoniuma ni kwamba nguvu zinakwenda kwingine. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kinampa mtu faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu kwa kusambaza taarifa za uongo, na kuna watu wamefikishwa mahakamani kwa alichoandika kwenye WhatsApp kumhusu kiongozi. 2018 zikaja kanuni za kuwataka hata wenye blogu walipie leseni, ukijumlisha maombi na ada ilikuwa kama milioni 2.1, baadaye zikalegezwa lakini wengi walishafunga. Usajili wa laini kwa alama za vidole tukaambiwa utamaliza matapeli, tukapanga foleni, Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Na bado asubuhi unaamka unakuta meseji, ile hela tuma kwenye namba hii. Wale wa blogu walijulikana walipo, huyu wa meseji mbona hajulikani?

Haya, cha kufanya sasa. Mwambie mwongee kwa video, mchana, akuonyeshe dirisha la alipo na barabara ya nje. Wanaoishi Muscat, mji mkuu wa Oman, wanajua Ruwi, wanajua Mutrah, muulize anapanda nini kwenda mjini, muulize wikiendi yao ni siku gani, ni Ijumaa na Jumamosi, mtapeli mvivu atakwambia Jumapili. Picha zake ziingize Google Lens uone kama hazitumiki kwa jina lingine. Kampuni ya kusafirisha mzigo akutajie na namba ya mzigo, kisha uifuatilie wewe mwenyewe kwenye tovuti yao sio kwenye linki aliyokutumia yeye. Na majina ya wadogo zako usishangae anayajua, fungua ukurasa wako uangalie uliowatagi siku za kuzaliwa.

Namba yoyote ya hapa nyumbani atakayokupa ya kutuma hela, ipeleke kwenda 15040, ile ni ya kuripoti matapeli. Afu piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, kama kuna usiyoijua nenda duka la kampuni husika na kitambulisho uifute, wengi wanatumia laini za watu wasiojua. Skrinshoti za mazungumzo yote zitunze kabla hujamblock, na ripoti polisi hata kama hujatoa hela maana wapo wenzako ambao tayari wametoa.

Ada ya mdogo wako lipa kesho, shule ikifunguliwa tu, na risiti uichukue.